ETF bila kuliwa na makato: Jinsi ya kujiendeshea potifolio yako kwa broka wa bei nafuu

Tuanze na hesabu moja ilinichoma.

Mara ya kwanza kununua ETF ya ng'ambo nilikuwa na ngiri 20. Nilikuwa nimeisunda miezi minne, doo za kuandikia watu stori mtandaoni. Nikaingia benki, nikawaambia watume kwa akaunti yangu ya broka. Benki ikakata 2,500 ya kutuma. Dola kwa soko ilikuwa kama 130, wao wakaniuzia 133. Halafu benki nyingine ya katikati, yenye hata sikujua iko, ikachukua dola 20 zake. Kwa akaunti zikafika dola 111. Ukirudisha kwa shilingi, hiyo ni karibu KSh 14,500.

Yaani KSh 5,500 ilipotea kabla sijanunua chochote. Wakati huo hiyo ndiyo ilikuwa kodi ya singo yangu Kayole.

Na hakuna mtu aliniibia. Makato yote yalikuwa yameandikwa mahali, ni mimi sikusoma. Ndio maana nimekuandikia hii. Mimi si mshauri wa fedha, kampasi niliacha mwaka wa pili. Lakini hesabu zote ziko hapa chini unaweza kuzirudia na kalkuleta ya simu. Kama unataka kujiendeshea potifolio yako, hii ndiyo rada.

ETF ni nini hasa?

Fikiria Gikomba. Kuna msee anaamka saa kumi usiku kuchagua kamera, zile nguo kali za juu. Akibahatika anauza vizuri. Asipobahatika anarudi keja na majuto. Halafu kuna yule ananunua belo zima. Ndani kuna kali, kuna za kawaida, kuna zenye zimetoboka. Lakini belo zima likipanda bei, yeye anapanda nalo.

ETF ni belo. Ni hazina inayonunua hisa za kampuni nyingi kwa pamoja, kisha yenyewe inauzwa kwa soko la hisa kama hisa moja. Nyingi hufuata fahirisi, yaani orodha ya kampuni iliyopangwa kwa kanuni. Kwa mfano S&P 500 ni orodha ya kampuni kubwa kama 500 za Marekani. Ukinunua ETF moja ya S&P 500, umepata kipande cha Apple, Microsoft, Coca-Cola na hao wengine wote kwa mpigo.

ETF ya kwanza Marekani, inayojulikana kama SPY, ilianza kuuzwa Januari 1993. Hapa kwetu, Soko la Hisa la Nairobi lilipata ETF yake ya kwanza 2017. Inaitwa NewGold, na inafuata bei ya dhahabu. Nyuma yake kuna dhahabu halisi imewekwa stoo. Lakini shika hii: dhahabu haifanyi biashara na hailipi mgao wa faida. Bei ikilala, na wewe unalala nayo.

ETF inakuwa rahisi kwa sababu hakuna meneja wa suti anayelipwa kukisia kampuni gani itapanda. Kompyuta inafuata orodha, basi. Ndio maana ETF ya Vanguard ya S&P 500, inayoitwa VOO, hutoza asilimia 0.03 kwa mwaka. Ukiwa na KSh 100,000 ndani, hiyo ni KSh 30 kwa mwaka. Haitoshi hata smokie mbili siku hizi.

Broka wa bei nafuu alitoka wapi?

Huwezi kuingia soko la hisa na miguu yako. Lazima upitie kwa broka. Zamani Marekani komisheni ya broka ilikuwa ya bei moja kwa wote, hakuna kubargain. Tarehe 1 Mei 1975 sheria hiyo ikafutwa. Mabroka wapya kama Charles Schwab wakaingia na mpango tofauti: sitakushauri, sitakupigia simu, lakini nitakununulia hisa kwa bei ya chini. Huyo ndiye broka wa bei nafuu. Oktoba 2019 kampuni kadhaa kubwa za huko, Schwab ikiwemo, zikashusha komisheni ya hisa na ETF za Marekani hadi sufuri.

Sasa, sufuri haimaanishi bure. Broka ana kodi ya ofisi na mishahara kama mtu yeyote. Hela anazitoa hapa:

Moja, kubadilisha pesa. Anakuuzia dola kwa bei ya juu kidogo.

Mbili, pesa zako zenye zimekaa tu. Ukiacha dola kwa akaunti bila kununua kitu, yeye anazipatia riba na mara nyingi wewe hupati yote.

Tatu, kukopesha wateja wanaotaka kununua zaidi ya uwezo wao.

Nne, kampuni kubwa za kutekeleza oda humlipa ndiyo awapelekee oda zenu.

Tano, ada za kuweka na kutoa pesa.

Kwa hivyo tangazo likisema "komisheni sufuri", usishangilie bado. Uliza hizo tano kwanza.

Kwa nini makato ndiyo stori yote

Tuseme unaweka KSh 5,000 kila mwezi, yaani 60,000 kwa mwaka, kwa miaka 30. Tuseme pia soko linapanda asilimia 8 kwa mwaka kabla ya makato. Hakuna mtu anaweza kukuahidi hiyo 8, ni mfano tu wa hesabu.

Msee wa kwanza anakatwa asilimia 0.2 kwa mwaka. Mwisho ana karibu KSh milioni 6.55.

Msee wa pili anakatwa asilimia 2 kwa mwaka. Mwisho ana karibu KSh milioni 4.74.

Tofauti ni milioni 1.8. Sasa piga hii: pesa yote uliyotoa mfukoni kwa miaka 30 ni 60,000 mara 30, ambayo ni milioni 1.8. Yaani makato ya asilimia 2, yenye yanaonekana madogo, yamekula kiasi sawa na kila shilingi uliyojinyima tangu siku ya kwanza. Haba na haba hujaza kibaba, lakini haba na haba pia hukimaliza.

Unadhani labda meneja mkali anaweza kukurudishia hiyo tofauti? Warren Buffett aliweka dau la dola milioni moja kuhusu hilo. Yeye alichagua hazina ya kawaida ya S&P 500 ya bei ya chini. Upande wa pili, kampuni ya Protégé Partners ikachagua hazina tano zilizokuwa zimejaza mameneja wa bei ghali. Dau lilianza 2008 likaisha 2017. Hazina ya Buffett ilipanda asilimia 125.8 kwa hiyo miaka kumi. Kwa zile tano, iliyofanya vizuri zaidi ilipata asilimia 87.7, na ya mwisho ikapata 2.8. Mameneja hao hawakuwa wajinga. Walikuwa wanabeba makato mazito mgongoni.

Huwezi kuamua soko litafanya nini kesho, lakini makato unayachagua wewe.

Hesabu ya msee wa Nairobi

Hapa ndipo video nyingi za majuu hukupoteza. Msee ako Chicago akisema "nunua ya dola 50 kila wiki", yeye hatumi pesa ng'ambo. Wewe unatuma. Na makato ya kutuma mengi ni ya bei moja. Hayajali unatuma ngapi.

Rudi kwa hesabu yangu. Ile 2,500 ya benki na dola 20 za benki ya katikati, jumla ni kama KSh 5,100.

Ukituma KSh 20,000, hiyo ni asilimia 25.

Ukituma KSh 100,000, ni asilimia 5.

Ukituma KSh 200,000, ni kama asilimia 2.5.

Unajinyima nini kutafuta ETF ya asilimia 0.03 kama mlangoni umeshalipa 25?

Kwa hivyo kanuni yangu ni hii: pesa ndogo hukaa nyumbani kwanza. Iweke kwa hazina ya soko la fedha, hizi za MMF, zenye unaweza kuingia kwa M-Pesa na kutoa ukiwa na shida. Inapata riba ikikusanyika. Ikifika kiasi chenye gharama zote za kutuma haziwezi kuzidi asilimia 2, ndio unatuma, hata kama ni mara moja kwa mwaka. Kungoja si ujinga, na soko haliendi mahali.

Kabla hujatuma, uliza benki au kampuni ya kutuma pesa maswali matatu. Mnakata ngapi kutuma? Mnaniuzia dola kwa ngapi leo? Kuna benki ya katikati, na itakata ngapi? Linganisha sehemu tatu hivi. Njia za kutuma hutofautiana sana, na hakuna mtu atakuambia kama hujauliza. Pia uliza broka ukitaka kutoa pesa atakata ngapi, juu siku moja utataka hizo doo zirudi.

Jinsi ya kuchagua broka

Kwa soko letu, mambo ni rahisi. Unafungua akaunti ya CDS kupitia broka aliyepewa leseni na Mamlaka ya Masoko ya Mitaji, CMA. CDS ndiyo daftari ya kielektroniki inayoonyesha hisa zako ni zako. Makato ya kununua Nairobi kwa miaka mingi yamekuwa karibu asilimia 2 kwa kila oda, na ukiuza unakatwa tena. Kwa hivyo hapa usinunue na kuuza kila wiki kama unacheza karata.

Kwa soko la ng'ambo, angalia haya:

Leseni. Ingia tovuti ya mdhibiti mwenyewe, andika jina la kampuni, hakikisha iko. Usibonyeze linki yenye kampuni yenyewe imekutumia. Matapeli hutengeneza tovuti inayofanana kabisa na ya kampuni halali, tofauti ni herufi moja.

Unamiliki nini. Hili ndilo kubwa. Apu nyingi zinazotangazwa hapa zinauza CFD. Ukibonyeza "nunua Apple" kwa CFD, hujanunua Apple. Umeingia mkataba wa kukisia bei na kampuni yenyewe, mara nyingi na pesa ya kukopa. Bei ikisonga vibaya kidogo tu, umefagiliwa. CFD nyingine zina hata jina la ETF juu yake. Kabla ya kubonyeza, tafuta hizo herufi tatu. Ukiziona, toka.

Ada za kukaa. Wengine hutoza kila mwezi hata kama hujafanya kitu. Kwa akaunti ndogo hiyo ni sumu.

Broka akianguka inakuwaje. Marekani kuna SIPC, ambayo hulinda hadi dola 500,000 kwa mteja broka akifilisika, ndani yake pesa taslimu zikiwa hadi 250,000. Kenya, hazina ya kufidia wawekezaji chini ya CMA hulipa hadi KSh 50,000. Hizi zinakulinda broka akianguka. Hazikulindi bei ya hisa ikianguka. Na si mambo ya kufikirika: Machi 2008 Nyaga Stockbrokers iliwekwa chini ya msimamizi, na wateja wake wakabaki wakihangaika. Soma taarifa za akaunti yako kila zinapokuja. Ukiona hisa imeuzwa na hukuuza, piga kelele siku hiyo hiyo.

Kodi: shimo lenye wengi hawaoni

Marekani inakata mgao wa faida wa mgeni asilimia 30 kama nchi yake haina mkataba wa kodi na wao. Kenya haina. Broka atakupa fomu ya W-8BEN ujaze, na inabidi uijaze upya kila baada ya miaka kadhaa. Kwa hivyo ETF kama VOO ikikulipa dola 10, unaona 7.

Kuna lingine zito zaidi. Mgeni akifariki akiwa na mali ya Marekani ya zaidi ya dola 60,000, hisa na ETF za huko zikihesabiwa, Marekani inaweza kudai kodi ya urithi. Saa hii unacheka, una dola 111. Lakini kama mpango ni wa miaka 30, panga kama mtu atakayefika huko.

Ndio maana wawekezaji wengi wa nje ya Marekani hununua ETF zilizosajiliwa Ireland na kuuzwa London. Ireland ina mkataba na Marekani, kwa hivyo mgao wa kampuni za Marekani hukatwa asilimia 15 ndani ya hazina badala ya 30. Na kwa sababu hazina ni ya Ireland, ile kodi ya urithi ya Marekani haikuangukii. Utazijua kwa neno UCITS kwa jina. Mfano ni CSPX ya iShares, inayofuata S&P 500 na kutoza asilimia 0.07. Iko juu kidogo ya VOO, lakini ukihesabu kodi, mara nyingi ndiyo rahisi.

Nyingi za hizi zina aina mbili. Moja inakutumia mgao. Nyingine inaurudisha ndani kununua hisa zaidi, na kwa jina huandikwa Acc. Kama bado unajenga, Acc inakupunguzia kazi na makato ya kununua tena.

Hapa nyumbani, mgao wa kampuni za Kenya kwa mkaazi hukatwa asilimia 5 kabla haujakufikia, na faida ya kuuza hisa zilizo kwa soko la Nairobi haitozwi kodi ya faida ya mtaji. Kwa zile za ng'ambo, weka rekodi ya kila oda: tarehe, bei, na dola ilikuwa ngapi siku hiyo. Zikianza kuwa kubwa, keti na mhasibu mara moja kabla ya kujaza ritani ya KRA. Utamlipa kidogo kuliko faini.

Potifolio yenyewe: usiifanye ngumu

Watu hupenda ETF kumi na tano. Ya roboti, ya betri, ya kampuni za bangi. Nusu yao zina kampuni zile zile ndani, na makato ya juu. Wewe unahitaji sufuria tatu tu.

Ya kwanza ni ya dharura. Matumizi ya miezi mitatu hadi sita kwa MMF. Kodi ya keja, chakula, pesa ya mathe akiugua. Hii si ya kukuomosha. Kazi yake ni kuhakikisha hutauza ETF siku mbaya. Kama hii haijajaa, usiende kwa ya pili.

Ya pili ni ya shilingi. Bondi za serikali unanunua moja kwa moja kutoka Benki Kuu kupitia DhowCSD kwenye simu, kuanzia KSh 50,000, bila broka. Ukiishi Kenya na kulipa kodi ya nyumba kwa shilingi, ni vizuri kuwa na pesa inayozalia kwa shilingi.

Ya tatu ni ya dunia. ETF moja pana. Kuna zinazofuata dunia nzima, kama VWRA ya Vanguard, yenye kampuni zaidi ya 3,000 kutoka nchi tajiri na zinazoinuka. Zaidi ya nusu ya hizo pesa bado ziko Marekani, juu huko ndiko kampuni kubwa ziko. Ukichukua hiyo, huna haja ya kubishana na mbogi yako kama ni China au India itatawala. Ikitawala yoyote, iko ndani.

Ukishajaza ya dharura, gawanya kulingana na muda wako. Mtu wa miaka 24 asiyehitaji hiyo pesa kwa miaka 15 anaweza kuweka 70 kwa dunia na 30 kwa shilingi. Anayetaka kununua ploti miaka mitatu ijayo asiweke hiyo ya ploti kwa hisa hata kidogo.

Mara moja kwa mwaka, chagua siku, labda siku yako ya kuzaliwa, uangalie. Kama hisa zimepanda hadi 80, pesa mpya ya mwaka huo iende kwa bondi. Kama zimeanguka hadi 60, pesa mpya iende kwa ETF. Hivyo unarudisha mizani bila kuuza kitu, na bila kulipa makato ya kuuza. Utajikuta unanunua zaidi wakati bei ziko chini, na hujalazimika kuwa mjuaji.

Siku ya kubonyeza

New York hufungua saa kumi na nusu jioni yetu, au saa kumi na moja na nusu wakati wa baridi yao. London hufungua saa nne au saa tano asubuhi yetu, kutegemea msimu. ETF ya London iliyojaa kampuni za Marekani ni vizuri uinunue masoko yote mawili yakiwa wazi. Ukibonyeza kati ya saa kumi na moja na nusu na saa kumi na mbili na nusu jioni, uko sawa mwaka mzima. Wakati huo pengo kati ya bei ya kununua na ya kuuza huwa dogo.

Tumia oda ya kikomo. Unaandika bei ya juu kabisa yenye uko tayari kulipa. Soko likiruka ghafla, oda yako inangoja badala ya kukununulia kwa bei ya wazimu. Hisa moja ikiwa ghali kuliko pesa yako, angalia kama broka wako anauza vipande vya hisa.

Halafu funga apu. Kweli, ifunge. Zima arifa.

Siku soko litaanguka

Sijasema likianguka. Nimesema litaanguka.

Kati ya Oktoba 2007 na Machi 2009, S&P 500 ilipoteza kama asilimia 57. Laki moja ikabaki 43,000. Ilichukua mpaka 2013 bei kurudi zilipokuwa. Mwaka wa 2020, Corona ilipoingia, ilishuka kama asilimia 34 kwa mwezi mmoja na kidogo, kisha kufikia Agosti ikawa imerudi. Waliouza Machi 2020 kwa uoga walikosa hiyo safari ya kurudi.

Na shilingi nayo ina mambo yake. Januari 2024 dola ilifika karibu KSh 160. Miezi michache baadaye ilikuwa karibu 130. Aliyetuma KSh 160,000 akapata dola 1,000, na ETF yake ikakaa bila kusonga, sasa ana KSh 130,000 ukihesabu kwa shilingi. Hajafanya kosa lolote. Wale walikuwa wananunua dola kwa kukimbia kwa sababu "shilingi imekufa" ndio walilipa bei ya juu. Ndio maana unatuma kwa ratiba yako, hutumi kwa sababu ya kelele za X.

Leo, ukiwa umetulia, andika kwa karatasi: "Soko likianguka nusu, sitauza. Nitaendelea kununua tarehe yangu." Weka sahihi. Ibandike ndani ya mlango wa kabati. Kama ukisoma hiyo sentensi tumbo linakoroga, hiyo ni ishara unataka kuweka pesa nyingi kuliko unaweza kuvumilia. Punguza asilimia ya hisa sasa, kabla soko halijakufunza.

Wenye utawakataa

Anayekuahidi faida ya uhakika kila mwezi. Hakuna soko hufanya hivyo.

Anayekuambia umtumie pesa kwa namba yake ya M-Pesa ndiyo "akutradie". Akaunti ya broka huwa kwa jina lako, na pesa hutoka kwa jina lako.

Wa kikundi cha Telegram cha signo za kulipia. Kama signo zinafanya kazi, mbona anahitaji soo tano yako?

ETF za kuzidisha mara mbili au mara tatu. Zimetengenezwa kwa siku moja. Soko likiyumba juu chini kwa miezi, zinayeyuka hata kama fahirisi imerudi ilipokuwa.

Na wewe mwenyewe saa sita usiku ukiwa na simu. Huyo ndiye hatari kuliko wote.

Kwa ufupi, anza hivi

Wiki hii, andika deni zako zote. Kama uko na Fuliza au mkopo wa apu, lipa hizo kwanza. Hakuna ETF inashinda riba ya hizo vitu.

Kisha fungua MMF, jaza sufuria ya dharura.

Ikijaa, linganisha mabroka watatu kwa karatasi: leseni, kubadilisha pesa, ada ya kukaa, kuweka, kutoa. Chagua mmoja.

Kusanya hadi makato ya kutuma yawe chini ya asilimia 2. Tuma. Nunua ETF moja pana. Andika rekodi. Funga apu.

Rudia mwaka ujao.

Zile dola zangu 111 bado ziko. Siwezi kurudisha ile 5,500, landilodi alishakula ingine kama hiyo mara nyingi tangu wakati huo. Lakini mara ya pili nilikaa miezi kumi na sita nikikusanya kabla ya kutuma, na makato ya kutuma yakawa chini ya asilimia 2. Siku hiyo sikuomoka na sikufanya sherehe. Nilinunua chapo ndengu, nikaenda kulala, na kwa mara ya kwanza pesa iliyofika ilikuwa karibu sawa na pesa iliyotoka.